Kufufua pikipiki iliyotumika: iwake kwanza, rangi baadaye

Pikipiki iliyotumika yenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, kama zile za Boxer na TVS zinazobeba abiria na mizigo katika miji mingi ya Tanzania na Kenya, mara nyingi huuzwa ikiwa na kasoro mbili kwa pamoja: tangi limebonyea na kushika kutu, na injini haiwaki mpaka mtu apige kiki hadi jasho limtoke. Wanunuzi wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa sababu kutafuta chanzo cha kutowaka hulazimisha tangi lishushwe na kupandishwa mara kadhaa, na petroli inayomwagika wakati huo hulainisha rangi mbichi na kuibambua. Isitoshe, kutu iliyo ndani ya tangi hushuka na mafuta hadi kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, na kuiziba, kwa hiyo ubovu wa sura na ubovu wa kuwaka huweza kuwa na mzizi mmoja.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za silinda moja zinazotumia kabureta. Kabla ya kushika spana, hakikisha kuwa swichi nyekundu ya kuzimia injini iko upande wa kuwasha, gia iko nyutro, koki ya mafuta imefunguliwa, na choki imevutwa ikiwa injini ni ya baridi. Ni mambo madogo, lakini nimeona kabureta nzima ikifunguliwa bure kwa sababu ya koki iliyofungwa. Kisha nusa mafuta yaliyo tangini. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza sehemu yake nyepesi, ile inayowaka kwa urahisi, na harufu yake hugeuka kuwa kali kama ya vanishi. Imwage yote na utie mpya.

Tenganisha tatizo la stata na tatizo la injini, kwa kuwa tiba zake ni tofauti. Ukibonyeza stata ukasikia mlio mfupi tu bila injini kuzunguka, ilhali kwa kiki injini inawaka, basi shuku betri na nyaya zake. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa chaji na kupumzika husoma takriban volti 12.6 au zaidi kwenye mita. Ikisoma chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa, na ikishuka chini ya 10 wakati stata inazunguka, kwa kawaida imechoka. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usafishwe kwa brashi na maji yenye soda ya kuokea, vikaushwe, kisha vipakwe grisi kidogo. Angalia pia waya wa hasi pale unapofungwa kwenye fremu, kwa maana kutu ya hapo huzuia umeme hata kama betri ni mpya.

Kama hata kiki haisaidii, piga kiki mara kadhaa kisha fungua plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda, kwa sababu ncha yake itakuambia uelekee upande gani. Ikiwa imekauka kabisa, mafuta hayafiki kwenye silinda, na kazi yako iko kwenye koki, mpira wa mafuta au kabureta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi, na hapo utazame umeme. Masizi meusi makavu huonyesha mafuta mengi kupita kiasi au chujio la hewa lililoziba, ilhali weusi wenye utelezi wa oili huashiria ringi za pistoni au sili za valvu zilizokwisha. Kupima moto wa plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye silinda hedi mbali na tundu la plagi, kisha mtu apige kiki. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Cheche ya njano iliyofifia au kutokuwapo kabisa kunakutaka ubadilishe plagi kwanza, kisha kofia yake, na baada ya hapo upime koili inayoikuzia plagi umeme na CDI, kifaa cha kielektroniki kinachoamuru cheche itoke. Nafasi ya ncha za plagi kwa pikipiki nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Fanya kipimo hiki mahali penye hewa, pasipo na petroli iliyomwagika wala chombo cha mafuta kilicho wazi.

Kabureta ndiyo inayostahili subira kuliko kitu kingine. Funga koki, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la mafuta la kabureta na ukinge kinachotoka kwenye chupa angavu: maji yatakaa chini ya petroli, na chembe nyekundu za kutu utaziona wazi. Ukikuta hivyo, shusha kabureta, fungua bakuli, na utoe jeti zote mbili, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitishia mafuta. Jeti ndogo ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwaka na inaponguruma bila kwenda, na tundu lake ni jembamba kiasi kwamba uchafu usioonekana kwa macho huliziba. Lisafishe kwa dawa ya kabureta na hewa ya pampu, ukilitazama dhidi ya mwanga. Usilichokoe kwa waya wa chuma, kwa sababu shaba yake ni laini, na tundu likipanuka injini italewa mafuta daima. Kabla ya kufungua skrubu ya mchanganyiko wa hewa, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, uandike idadi yake, na uirudishe vilevile.

Ikiwa moto upo, mafuta yapo, na bado haiwaki, huku kiki inashuka bila ukinzani wowote, silinda inapoteza mgandamizo. Fundi akague valvu na pistoni. Hilo si la kujaribia nyumbani.

Sasa tangi. Lishushe, limwage, uondoe koki na kuziba tundu lake, kisha lijaze siki nyeupe na uliache kwa saa 24 au zaidi. Kwa kutu nene, tia nati kadhaa ulizozihesabu na ulitikise. Suuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua asidi, likaushe upesi kwa hewa ya moto isiyo ya moto wa wazi, kisha ulizungushie oili kidogo ndani, kwani chuma kitupu hushika kutu upya ndani ya saa chache, hasa katika hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa. Tangi lililotoboka lisichomelewe na mtu asiyeizoea kazi hiyo: mvuke wa petroli uliobaki hulipuka hata kama tangi linaonekana tupu.

Kwa nje, kwangua rangi iliyobambuka kwa msasa namba 120 hadi chuma safi, jaza bonyeo kwa puti katika tabaka nyembamba, kisha ulainishe kwa namba 320. Futa vumbi na mafuta, piga rangi ya msingi, ipitishie msasa wa maji namba 600, na upulize rangi yenyewe mara tatu au nne kwa umbali wa sentimita 25 hivi, ukisubiri dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka na tabaka. Anayepiga rangi nene mara moja huishia na michirizi. Malizia kwa vanishi isiyoharibiwa na petroli, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kujaza mafuta. Kromu yenye madoa husuguliwa kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, nayo haiikwaruzi.

Usipitishe msasa wala rangi juu ya namba za chesisi na injini. Ukibadilisha rangi ya pikipiki, peleka taarifa TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya, kwa kuwa rangi imeandikwa kwenye hati ya usajili, na askari barabarani huilinganisha na anachokiona.