Kabla ya kununua mbegu, usome mlima wako

Ndugu mkulima, kila msimu unapokaribia naulizwa swali lile lile: "Bwana shamba, mvua inaanza lini?" Kwa mtu wa Kilimanjaro, nami huanza kwa kuuliza: shamba lako liko upande gani wa mlima, na liko juu kiasi gani?

Mzee mmoja wa Marangu aligawa mfuko mmoja wa mbegu ya mahindi. Nusu alipanda kihambani, yaani shamba la nyumbani kule juu mlimani, nusu akaishusha shambani kwake tambarare ya Himo. Mbegu ni ile ile na wiki ni ile ile. Kule chini mahindi yalitoa mbelewele, jua likakaza, punje hazikujaa. Kule juu yalikuwa bado kijani kibichi. Kutoka shamba moja hadi jingine ni nauli ya daladala tu.

Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu. Ukifika mlimani hauna njia ila kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa huachia maji. Kwa hiyo msitu wa mteremko wa kusini, kwenye mita 2,000 na ushei, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mji wa Moshi chini yake hauambulii hata nusu ya hizo. Upande wa kaskazini hupata upepo uliokwisha kukamuliwa. Amboseli, upande wa Kenya, iko katika kivuli hicho cha mvua: mlima unaonekana vizuri, lakini ardhi ni vumbi. Joto nalo hupungua nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mahindi ya juu hukawia kukomaa.

Kumbukumbu ya mzee ni miaka hamsini, sitini. Ziwa Challa, pale mpakani mwa Rombo na Kenya, linakumbuka zaidi. Watafiti walichimba tope la sakafu ya ziwa hilo wakalikuta limepangika kwa mistari myembamba, mmoja mweupe, mmoja mweusi, na jozi moja ni mwaka mmoja. Mweupe ni maganda ya miani, mimea midogo ya majini inayostawi wakati upepo wa kiangazi unapokoroga ziwa na kupandisha rutuba kutoka chini. Mwaka wa ukame na upepo mkali huacha mstari mnene, mwaka wa mvua nyingi huacha mwembamba. Tope walilochunguza linarudi hadi miaka 25,000 nyuma, na unene ule unapanda na kushuka pamoja na La Nina (Bahari ya Pasifiki ikipoa, kwetu mvua hupungua) na El Nino (ikipata joto, kwetu mvua huzidi). Barafu ya kileleni, iliyotobolewa mwaka 2000, nayo ina tabaka la vumbi la ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita.

Nalisema hili kwa uzito: mwaka mkavu ni sehemu ya tabia ya nchi hii. Vuli ya 1997 na ya 2019 zilifurika. Kuanzia mwishoni mwa 2020 tukaingia La Nina na misimu ikanyauka mfululizo. Anayepanda kila mwaka kana kwamba mvua ni ya wastani atapata hasara, ni suala la lini tu.

Sasa jembe. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unahusu eneo pana, kwa hiyo upime mwenyewe. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu chini ya mabega, mahali ilipoanza kunyooka, kisha geuza kipande cha juu kiwe mdomo wa kuingizia maji. Weka kokoto chini, jaza maji hadi alama ya sifuri, simamisha penye uwazi mbali na migomba. Kila asubuhi soma kwa rula, andika daftarini, rudisha maji kwenye sifuri.

Usipande kwa mvua ya kwanza. Subiri zifike milimita 20 hivi ndani ya siku mbili au tatu, kisha chimba: udongo uwe umelowa shubiri nzima. Ukikuta vumbi chini ya tope, mbegu itaota na kufa.

Tambarare, chukua mbegu ya muda mfupi kama Situka, na usiweke shamba lote kwenye mahindi. Tenga sehemu ya mtama na kunde. Makinga maji yafuate kontua, yaani mstari wa usawa mmoja wa mwinuko, na mabua ya msimu uliopita yabaki shambani kama matandazo badala ya kuchomwa. Juu kihambani shida ni maji kuondoka na udongo, kwa hiyo panda majani ya ng'ombe kwenye kingo za matuta na safisha mfongo, ule mfereji wa maji, kabla ya masika.

Na bati lako usilisahau. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba likipata milimita 20 hukupa karibu lita 800. Zinatosha kuokoa bustani ya mboga wiki ile mvua inapokata.