SOMO: Mshahara umekatwa kwa deni la kodi ya halmashauri, uanzie wapi?

Ndugu zangu, nimeandaa mishahara kwa miaka mingi. Wanaoumia zaidi si wenye madeni makubwa, ni wale wanaoona "makato mengineyo" kwenye hati ya mshahara wakanyamaza hadi miezi mitatu ipite. Siku za kuweka pingamizi zinahesabika wewe ukiwa kimya.

Hatua ya 1: Omba karatasi. Mhasibu hakukati kwa kupigiwa simu, lazima awe na notisi au amri ya maandishi. Chukua nakala siku hiyo hiyo. Usigombane naye, maana akipuuza amri halali deni linaweza kumgeukia mwajiri. Kisha isome mstari kwa mstari: jina, namba ya mlipakodi, kodi ya mwaka gani, deni lenyewe kiasi gani, riba na adhabu kiasi gani. Nimewahi kukuta mtu anakatwa kodi ya nyumba aliyokwisha kuiuza, kisa daftari halikubadilishwa jina.

Hatua ya 2: Tazama tarehe. Kwa kawaida madai hutangulia, makato hufuata. Kama madai yalipelekwa anwani uliyohama, andika hivyo kwenye pingamizi na uambatanishe ushahidi.

Hatua ya 3: Jua kikomo. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, ibara ya 10, unataka mshahara ukamatwe ndani ya mipaka ya sheria tu, na ulindwe kwa kiasi cha kumtunza mfanyakazi na familia yake. Viwango hutofautiana. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu jumla ya makato kuzidi theluthi mbili za mshahara. Marekani, kikomo cha asilimia 25 cha madeni ya kawaida hakihusu kodi za shirikisho wala za jimbo. Kwa hiyo uliza kikomo cha deni la *kodi*, si cha deni lolote.

Hatua ya 4: Omba awamu. Nenda na bajeti yako: pango, ada, dawa. Mkikubaliana, halmashauri yenyewe imwandikie mwajiri.

Maswali ya wanachama

*Nikihama kazi je?*
Deni linakufuata, na riba inaweza kuendelea kupanda.

*Nimemaliza kulipa ila bado nakatwa, nifanyeje?*
Pole sana. Amri haijifuti yenyewe. Omba halmashauri barua ya kuiondoa, mpelekee mhasibu mwenyewe, kisha dai kilichozidi ukiambatanisha hati za mshahara za miezi hiyo.