Katapila la zamani linapozimika kazini: anza na njia ya dizeli

Katapila la zamani likiwaka vizuri asubuhi, likasukuma udongo kwa nusu saa, kisha likapungua nguvu na kuzimika lenyewe, mara nyingi injini ni nzima ila dizeli haiifikii. Niliwahi kuitwa Misungwi kwa mtu aliyekwisha kulipia kufunguliwa kwa silinda hedi, kumbe kilichoziba ni mfuniko wa tangi.

Hatua ya kwanza. Mashine ikizimika tu, legeza mfuniko wa tangi kabla ya kushika spana. Ukisikia hewa ikivutwa kwenda ndani, tundu la kupumulia limejaa vumbi, na dizeli imeshindwa kushuka kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Lizibue kwa waya mwembamba.

Hatua ya pili hufanywa asubuhi, mashine ikiwa bado haijatikiswa. Fungua koki iliyo chini ya tangi, kinga kwenye chupa nyeupe, usubiri: maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatatuama chini. Huku kando ya ziwa usiku una unyevu, na tangi lililolala nusu hutoa jasho kwa ndani; lijaze jioni.

Hatua ya tatu ni kubadilisha filta ya dizeli na kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia ya dizeli, na hapa ndipo haraka huharibu kazi. Legeza skrubu ya upepo juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kisha ikaze ukiwa bado unapiga. Rudia hivyo hivyo kwenye pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwenye injini. Povu lisipoisha, kagua washa (vile vipete vya kuziba maungio) na mipira kati ya tangi na pampu ya kuvuta. Usitafute mahali palipolowa, kwani sehemu hiyo huvuta hewa kuingia, na huenda usione hata tone moja nje.

Moshi mweusi mzito ukiwa ndio dalili, tazama kwanza kisafisha hewa. Chenye bakuli la oili, mwaga oili iliyogeuka tope, osha bakuli, ujaze hadi alama, usizidishe.

Dizeli na hewa vikiwa sawa na mashine bado inalemewa, angalia minyororo. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka usiku kati ya rola na meno ya gurudumu la kuvuta, huukaza mnyororo kupita kiasi, nguvu ikapotelea humo na pini zikalika. Ukwangue wote kwanza, endesha mbele kidogo, ndipo upime ulegevu kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukiwa bado umekaza mno, na mnyororo wako ni wa kukazwa kwa grisi, legeza vali ya grisi taratibu, usizidishe mzunguko mmoja, na ukae pembeni bila kuchungulia: grisi ile ina shinikizo la kupenya ngozi.