Saa 24 za Kwanza Baada ya Nusukaputi: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mgonjwa Nyumbani

Mgonjwa aliyepewa nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza usingizi wakati wa upasuaji, hufumbua macho mapema kuliko akili yake inavyorejea, na pengo hilo ndilo linalowaponyoka wengi wetu tunaowauguza. Mama yangu mdogo alifanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu asubuhi, na jioni tukawa tumeshamfikisha kwake mtaa wa Umoja, Nairobi. Alizungumza vizuri, akaulizia wajukuu, akauliza kama maji ya mfereji yamekuja. Katika nusu saa niliyokuwa jikoni nikimpikia uji, alituma mchango wa chama kwa simu mara mbili, na asubuhi hakukumbuka kuutuma hata mara moja. Mweka hazina alikuwa mwaminifu na fedha zilirudi, lakini tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba siku ya kwanza simu, kadi ya benki na funguo za gari hukaa kwa anayeuguza.

Sababu iko katika dawa zenyewe. Usingizi huo huletwa na dawa inayopita kwenye mshipa, mara nyingi ikifuatwa na mvuke ambao mgonjwa huvutishwa muda wote wa upasuaji. Mvuke mwingi hutoka kwa pumzi mara tu unapofungwa, ila sehemu yake huwa imeingia katika mafuta ya mwili na hutoka polepole. Kisha dawa kali za maumivu huongeza usingizi wake juu ya huo. Ndiyo maana madaktari wa nusukaputi husisitiza kwamba kwa saa 24 mgonjwa asiendeshe gari, asinywe pombe, asiwashe jiko, asibaki peke yake na mtoto mchanga, wala asitie sahihi hati yoyote. Fomu za kuruhusiwa kutoka hospitalini na za bima, iwe ni SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, au ya kazini, zikamilishwe na mtu mwingine kila inapowezekana, na maelezo ya dawa yaandikwe, kwa kuwa atakayoambiwa mgonjwa saa hizo huenda yasibaki kichwani.

Kabla ya hapo, mgonjwa atakuwa amekaa katika chumba cha kuzindukia, ambako muuguzi hupima shinikizo la damu kila baada ya dakika chache na kumbana kidoleni kifaa kinachosoma kiwango cha oksijeni. Usishtuke ukimkuta akitetemeka, kwani chumba cha upasuaji huwa baridi na dawa yenyewe huuzuia mwili kutunza joto, omba blanketi. Koo litawasha au kuuma ikiwa aliwekewa mrija wa kupumulia, na hupoa kwa siku moja au mbili. Kichefuchefu ni cha kawaida pia, hasa kwa wanawake na kwa watu ambao hutapika safarini. Mweleze daktari mapema kama mgonjwa wako ni wa namna hiyo, kwa kuwa ipo dawa ya kuzuia kutapika na hufaa zaidi ikitolewa kabla hajaanza.

Safari ya kurudi nyumbani ipangwe tangu asubuhi. Bodaboda haifai hata kidogo, wala matatu, ambamo atasimama, atasukumwa na atalazimika kushuka gari likiwa bado linasogea. Tafuta teksi au gari la jirani, beba mfuko wa plastiki wa kutapikia, na ikiwa upasuaji ulikuwa wa tumbo, weka mto mdogo kati ya tumbo na mkanda wa gari, ili kila tuta barabarani lisiwe jeraha jipya. Wengi wetu tunaishi katika ghorofa zisizo na lifti. Wakati wa kupanda, anayeuguza awe nyuma yake, ngazi moja chini, na wapumzike kila wanapofika mapumziko ya ngazi. Sisi tulibeba kigoda, na mama mdogo alikikalia ghorofa ya pili kwa dakika tano kamili hadi kizunguzungu kikaisha.

Akishafika, mlaze akiwa ameinua kichwa na mabega kwa mito miwili. Aanze na maji kwa mafunda madogo. Yakikaa tumboni, mpe chai nyepesi, kisha uji wa wimbi usio mzito au supu isiyo na mafuta mengi, isipokuwa kama daktari wa upasuaji ametoa maagizo mengine. Chapati na nyama choma zinaweza kusubiri. Dawa kali za maumivu hufanya choo kuwa kigumu, kwa hiyo siku zinazofuata papai, mboga na maji ya kutosha ni sehemu ya matibabu. Asipokojoa kwa saa sita hadi nane huku kibofu kikimbana, ipigie simu hospitali bila kungoja asubuhi, kwani nusukaputi inaweza kukilegeza kibofu kikashindwa kujisukuma.

Kazi kubwa ya siku hiyo ni kupumua na kusogea. Mtu aliyelala muda mrefu huku akiogopa maumivu huvuta pumzi fupi fupi, sehemu za chini za mapafu zikajikunja, kohozi likabaki humo na nimonia ikapata nafasi. Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu mara kumi, kisha akohoe huku ameukumbatia mto juu ya kidonda. Achezeshe vifundo vya miguu juu na chini ili damu isigande kwenye mashavu ya miguu. Anapotaka kusimama, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikiwa sakafuni, kwa dakika mbili au tatu. Kutembea hadi chooni na kurudi, ukiwa umemshika mkono, kunamsaidia kuliko kulala siku nzima. Kuinua mtungi wa maji wa lita 20 si kutembea. Wakati wa mgao wa maji, mtungi huo ubebwe na mwingine kwa wiki zote ambazo daktari ataagiza.

Kuhusu maumivu, parasetamoli kwa mtu mzima mwenye ini zima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Kosa linalotokea sana ni kuongeza dawa ya mafua ya dukani bila kujua kwamba nyingi zina parasetamoli ndani. Akipewa tramadoli au kodeini, asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, kwa kuwa kwa pamoja huzima pumzi, hasa kwa anayekoroma sana. Miraa nayo aiache, maana hukimbiza moyo. Katika baridi ya Julai, tafadhali usiingize jiko la makaa chumbani mwake. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na aliyelewa dawa hataamka kujiokoa.

Mzee anahitaji uangalizi wa pekee. Anaweza kuchanganyikiwa usiku, akaita watu waliokwisha kufa au kutaka kung'oa dripu. Mara nyingi hali hiyo hupita, lakini daktari aambiwe. Mrudishie miwani na kifaa chake cha kusikia mapema, fungua pazia mchana, na sauti anayoifahamu imwambie yuko wapi na ni siku gani. Wageni waje wawili wawili. Mama anayenyonyesha kwa kawaida anaweza kunyonyesha mara anapokuwa macho kamili, baada ya kuthibitisha na daktari dawa anazotumia. Mwanamke anayetumia vidonge, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango aulize kama alipewa sugamadeksi, dawa ya kurejesha nguvu za misuli upasuaji unapoisha, kwa kuwa hupunguza kinga hiyo na atahitaji kondomu kwa siku saba.

Rudi hospitali mara moja akipata shida ya kupumua, maumivu ya kifua, midomo ya rangi ya samawati, usingizi mzito asioamka hata ukimtikisa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, damu inayolowesha bandeji, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutapika hata maji. Namba za dharura nchini Kenya ni 999 na 112.

Kabla hamjaagana na hospitali, omba muhtasari wa maandishi wa nusukaputi: dawa alizopewa, kama mrija ulikuwa mgumu kuwekwa, kama alipata mzio au joto kali. Matatizo machache ya namna hiyo hurithiwa, kwa hiyo watoto na ndugu zake wapate nakala, na ya mgonjwa ikae pamoja na kitambulisho chake.