Zaburi tano kwa siku: namna ya kuianza na kuifunga siku kwa shukrani

Zaburi ziko 150. Ukizigawa kwa siku 30 unapata tano kwa siku, na huhitaji ratiba wala programu ya simu. Namba ya tarehe ya leo ndiyo Zaburi ya kwanza, kisha unaongeza 30 kila mara mpaka zitimie tano. Tarehe 13 basi utasoma ya 13, 43, 73, 103 na 133. Kwa mwendo wa kawaida ni kama robo saa. Soma kwa sauti, hata ya chini, maana macho peke yake husoma huku akili iko sokoni.

Biblia, daftari na kalamu viwe mezani tangu usiku. Kama simu ndiyo inayokuamsha, zima data kabla ya kulala. Ukishafungua ujumbe mmoja, asubuhi imeshaondoka.

Ukimaliza kusoma, andika shukrani tatu za jana. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanaandika "nashukuru kwa uzima, familia na kazi," na baada ya wiki moja daftari linachosha. Shukrani iwe na jambo, mtu aliyelileta na tofauti iliyoletwa: "Nashukuru kwa jirani aliyenichotea ndoo mbili za maji, nikawahi kazini." Ukiandika hivyo, mchana utaanza kuyaona mambo yenyewe yanapotokea. Kila Jumamosi pitia wiki nzima, uchague mtu mmoja, umpigie au umwendee umwambie. Katika Luka 17 walioponywa ukoma walikuwa kumi, na aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja.

Chini ya shukrani andika kusudi la siku, sentensi moja tu. "Leo nitakuwa mwaminifu" haisaidii, kwani usiku hutajua kama umetimiza. "Kabla ya saa nane mchana nitamrudishia shemeji elfu ishirini yake" inapimika, na uaminifu umo ndani yake. Liombee kusudi hilo kwa maneno yako mwenyewe, kisha ondoka.

Usiku tenga dakika tano ukiwa umekaa kwenye kiti. Anayesali amelala huishia katikati ya "Baba Yetu." Fungua ukurasa wa asubuhi, weka alama penye kusudi kama limetimia. Kama halikutimia, andika sababu kwa maneno machache. Likishindikana siku tatu mfululizo, ama ni kubwa mno, ama linategemea ruhusa ya mtu mwingine, likate vipande. Dhambi ya siku itaje kwa jina lake mbele za Mungu, uombe msamaha. "Unisamehe kwa yote" ni rahisi kusema na ni rahisi kusahau.

Ukikosa siku mbili, usizilipe. Soma za tarehe ya leo. Anayejaribu kusoma Zaburi kumi za deni na tano za leo kwa asubuhi moja kwa kawaida huacha kabisa, na zile zilizorukwa zitarudi mwezi ujao.

Zipo siku ambazo shukrani haziji: kuna msiba, kuna ugonjwa. Usizilazimishe. Tarehe 28 huleta Zaburi ya 88, ambayo huishia gizani bila neno la faraja, na inayofuata siku hiyohiyo ni ya 118, inayoanza kwa kumshukuru Bwana kwa kuwa ni mwema. Zote mbili ni sala. Siku ya namna hiyo andika malalamiko yako kwanza, kisha shukrani moja ikipatikana.

Zaburi za kuomba adui aangamie, kama ya 35 (tarehe 5) na ya 109 (tarehe 19), wapo wanaozisoma usiku wa manane kama kombora dhidi ya jirani. Zaburi si hirizi. Zisome kama mtu anayemkabidhi Mungu hasira yake ili asilipize mwenyewe, halafu mwombee huyo jirani heri, kama Warumi 12 inavyoagiza.

Tarehe 18 ni nzito: Zaburi ya 18 ina mistari 50 na ya 78 ina 72, basi amka mapema kidogo au uache moja kwa ajili ya jioni. Tarehe 29 inaangukia ya 119 yenye mistari 176. Iache hiyo mpaka tarehe 31, ambayo haina Zaburi zake. Mwezi wenye siku 30, soma mafungu machache tu ya mistari minane, yapo 22. Ukisali na watoto, chukua moja fupi kati ya zile tano, mkapokezane mistari. Ya 117 ina mistari miwili. Ya 131, 133 na 134 zina mitatu mitatu, na mtoto wa darasa la pili anazimudu.