Kuongea na chalii wako kuhusu bangi, mirungi na unga bila kumdanganya

Wazazi wa Arusha tunapenda kuongelea madawa kama vile watoto wetu hawaishi hapa, wakati chalii wa form two anayeshukia Kilombero kila siku keshaijua harufu ya bangi kabla hujapanga hata kikao chako. Habari za mashamba ya bangi ya Kisimiri kufyekwa anazisikia kama wewe. Sasa ukianza na "ukivuta mara moja unakuwa chizi" umeshampoteza, maana kuna fundi mtaani anamjua anavuta na asubuhi yuko kazini, na hasara haiishii kwenye bangi, siku ukimwambia ukweli kuhusu unga, yaani heroini, nao ataona stori ni zilezile.

Usimuite sebuleni. "Baba anakuita" kwa watoto wa huku maana yake kumekucha. Ongea mkiwa njiani kwenda Moshi, au jikoni mnamenya ndizi, sehemu ambayo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzie usoni. Anza na wengine: "hivi huko shule siku hizi watu wanatumia nini?" halafu nyamaza, hata kama ukimya unakuuma. Akikutajia kitu usiulize ni nani, ukitaka jina tu imeisha hiyo.

Zamu yako ikifika kila kitu kiseme kivyake. Bangi mwambie ukweli, wengi wanavuta na sio wote wanaharibikiwa, ila ubongo unaendelea kujijenga mpaka kama miaka 25 hivi, na wanaoanza umri wake karibu mmoja kati ya sita anakuja kuwa mtumwa wake, wakati ukichukua watumiaji wote ni kama mmoja kati ya kumi. Na kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua akili msimfiche, najua haya mambo tunayafunika lakini hatari yake inapanda na ana haki ya kujua. Biskuti za bangi pia zitaje, zinachelewa kupanda, nusu saa mpaka masaa mawili, mtu anaona mbona hamna kitu anaongeza nyingine ndo zinamshukia zote pamoja.

Mirungi atakubana, "mbona Kenya ni halali?" Ni kweli, ukivuka Namanga inauzwa kama mchicha na huku ni kesi, mwambie hivyohivyo. Wanafunzi wanatafuna wakeshe na mitihani, na kukesha kweli wanakesha, usibishe, mwambie tu kwamba yale anayosoma yanakaa kichwani akishalala, kwahiyo anaingia kwenye pepa hana usingizi, hajala, na nusu ya alichosoma hakipo.

Kwenye unga usilegeze. Mueleze arosto ilivyo, yale mateso ya kuukosa: mifupa kuuma, kutapika, kuharisha, mpaka mtu havuti tena kwa raha, anavuta ili asiumwe. Mwambie kuna kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, kwahiyo msokoto wa kupewa hajui ndani kuna nini. Na unga ukikutana na pombe au vidonge vya usingizi pumzi inaweza kukata, mwenzake akizima hivyo asimwache alale eti itaisha, amlaze ubavu na awahishwe hospitali, ugomvi baadaye.

Pombe usiiruke kwa sababu na wewe unakunywa. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku 2017 lakini chupa ndogo zipo kila duka.

Atakuuliza kama na wewe ulishawahi, jiandae. Jibu fupi la kweli linatosha, au mwambie hilo kwa leo sitaki kuliongelea, ila usikatae kitu ulichofanya, maana Desemba mkipanda nyumbani Rombo wajomba wakishakolea mbege watamsimulia mpaka usivyovikumbuka.

Ukikuta msokoto kwenye begi subiri hasira ipoe kwanza, hata kama ni kesho yake. Kuna wazazi wanampeleka mtoto polisi "wamtishe kidogo", mi naona ni kucheza na moto, ukishalipeleka pale kuisha kwake sio mikononi mwako tena. Uliza ni nini, tangu lini, na anapata nini humo, hilo la mwisho ndo la maana kuliko yote, maana anayevuta apate usingizi na anayevuta asiachwe na masela hawasaidiwi kwa njia moja. Halafu wekeni makubaliano: popote alipo mambo yakiharibika anapiga simu, unatuma boda au unamfuata mwenyewe, maswali kesho. Na kweli yawe kesho, ukianza kumfokea getini hatapiga tena.

Ikishakuwa kubwa kuliko wewe, 119 ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na 116 ni ya watoto, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga bila kupitia kwako. Wa unga kuna methadone, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, Muhimbili walianza 2011 na serikali inaitoa bure kwenye kliniki zake, ila ni kwenda kunywa kila siku, ulizia hospitali ya mkoa wakuelekeze ilipo ya karibu. Sober house, zile nyumba wanapokaa wanaojaribu kuacha, nenda kaione mwenyewe kabla hujalipa hata mia, ongea na waliomo, na ukisikia kuna minyororo au viboko geuka na mwanao.