LU imekwama kuzimika kwenye VTAM: mtafute anayeishikilia kabla ya kukimbilia FORCE

Umetoa amri ya kuzima kifaa, konsoli imejibu IST097I VARY ACCEPTED, kisha kimya. IST105I, ujumbe unaothibitisha kwamba nodi imezimika, hauji. Hatua zifuatazo ni za hali hiyo: printa au terminali ya SNA (mtandao wa IBM) kwenye z/OS (mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM) ambayo VTAM, programu inayosimamia mtandao huo, imepokea amri ya kuizima lakini haijaikamilisha. Mfano wetu ni printa yenye jina la LU (kifaa kinavyotambulika kwenye mtandao) PRT0412, inayotumiwa na CICS (mfumo wa kuendesha miamala) iitwayo CICSP1. Weka majina yako.

Shika hili kwanza: ACCEPTED maana yake VTAM imeipokea amri, basi. Na mara nyingi kinachozuia si printa yenyewe. Ni sesheni ambayo programu ya upande wa pili haijaiachia.

1. Hakikisha unazima kitu sahihi, mahali sahihi

D NET,ID=PRT0412,E

Soma mstari wa IST075I, sehemu ya TYPE. Ukikuta CDRSC, uko kwenye VTAM isiyo sahihi: hiyo ni picha tu ya kifaa kinachomilikiwa na mfumo mwingine. Ukiizima hapa unafuta picha, printa inaendelea kushikiliwa kule. Angalia IST1184I, inaonyesha CPNAME (jina la mfumo) ya mmiliki, kisha peleka amri huko, kwa mfano RO SYSB,D NET,ID=PRT0412,E.

Ukikuta APPL au DYNAMIC APPL, huenda jina hilo ni la seva ya TN3270 (terminali zinazoingia kupitia TCP/IP). Huyo ana njia yake, tutaifikia kwenye hatua ya 6.

2. Linganisha STATUS na DESIRED STATE

Zote mbili zimo kwenye IST486I, na mstari huu mmoja unaokoa muda mwingi. DESIRED STATE= INACT huku STATUS ikiwa bado ACTIV, au hali inayoanza na herufi P (yaani inasubiri jambo fulani), ina maana amri yako ipo hai na VTAM inangoja. Kuirudia hakuongezi kitu. DESIRED STATE ikisomeka ACTIV, amri haikufika kwenye nodi hii, au kuna aliyeiwasha tena baada yako. Pitia logi ya mfumo kwanza.

Ili kuona nodi zote zinazosubiri kwa wakati mmoja:

D NET,PENDING

Zikiwa LU kadhaa chini ya PU moja (nodi inayozibeba LU hizo), usihangaike na LU mojamoja. Tatizo liko kwenye PU au kwenye njia ya mtandao. Ruka hadi hatua ya 5.

3. Mjue anayeshikilia sesheni

Kwenye jibu lilelile la hatua ya 1, tazama sehemu hii:

IST171I ACTIVE SESSIONS = 0000000001, SESSION REQUESTS = 0000000000
IST634I NAME STATUS SID ...
IST635I CICSP1 ACTIV-P ...

Sesheni ni moja, na imeshikwa na CICSP1. Nakili SID (kitambulisho cha sesheni), tarakimu 16 za heksadesimali, utaihitaji.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. V NET,INACT,ID=PRT0412 bila kutaja TYPE ni uzimaji wa kawaida: VTAM inasubiri sesheni ziishe zenyewe. CICS ikiwa na kazi iliyokwama katikati ya kuchapa, sesheni haitaisha leo wala kesho. Hata ukiongeza nguvu, kawaida VTAM humwarifu mwenye sesheni kupitia rutini ya LOSTERM, na yeye ndiye anayepaswa kutoa CLSDST (ombi la kufunga sesheni) ili kuachia. Programu iliyoganda haitoi.

Kwa hiyo anzia kwa mshikaji. Ndani ya CICS:

CEMT I NETNAME(PRT0412)

Inakupa jina la terminali, tuseme P412. Kisha:

CEMT S TERM(P412) OUT
CEMT I TASK

Kwenye orodha ya kazi tafuta Fac(P412). Ukiipata, jaribu CEMT S TASK(namba) PURGE. FORCEPURGE iache mpaka uwe umeongea na mwenye programu, kwa sababu inaweza kukata kazi katikati na kuharibu uthabiti wa data. Kwa IMS, mfumo mwingine wa miamala wa IBM, anza na /DISPLAY NODE PRT0412, halafu /CLSDST NODE PRT0412.

Ngoja dakika moja au mbili, urudie hatua ya 1. Sesheni ikishaachiwa, IST105I hutoka yenyewe, kwa sababu amri yako ya mwanzo ilikuwa bado inasubiri.

4. Panda ngazi ya VTAM, daraja kwa daraja

Kata sesheni peke yake kwanza:

V NET,TERM,SID=(tarakimu 16),TYPE=UNCOND

Isipoachia, zima kifaa kwa nguvu zaidi:

V NET,INACT,ID=PRT0412,I

I ni IMMED: sesheni zinakatwa bila kungoja ziishe zenyewe, lakini VTAM bado inataka majibu kutoka upande wa kifaa. Mwisho kabisa:

V NET,INACT,ID=PRT0412,F

FORCE haingoji majibu hayo. Kabla ya kubonyeza Enter, soma tena jina lililo kwenye ID. Ukiandika jina la PU badala ya LU, LU zote zilizo chini yake zinaanguka. Ukiandika nodi kuu (major node, kundi la nodi zilizofafanuliwa pamoja), ni kila kitu ndani yake. Na usiielekeze amri hii kwa CICSP1 kwa sababu ya printa moja: utawatoa watumiaji wote wa CICS hiyo.

5. Sesheni ni sifuri lakini bado imekwama

Sasa kimbilia mtandao. Huenda VTAM imetuma ombi la kuzima na jibu halirudi. Tafuta IST530I kwenye logi: inataja ombi linalosubiri jibu na pande zinazohusika. Muda wake unaongozwa na IOINT, ambayo kwa chaguo-msingi ni sekunde 180, kwa hiyo usitegemee kuiona mara moja. IST259I INOP RECEIVED FOR ikitaja PU yako, kiungo kimekatika.

Kwa Enterprise Extender (SNA inayopita juu ya mtandao wa IP), angalia kama faiwoli inapitisha UDP poti 12000 hadi 12004, pande zote mbili. Poti moja ikizibwa, dalili huwa za kupotosha: kiungo kinaonekana kipo, baadhi ya trafiki haipiti. Njia ikisharekebishwa, unaweza kuzima PU na kuiwasha kwa amri moja:

V NET,INACT,ID=jina_la_PU,TYPE=REACT

6. Terminali za TN3270

D TCPIP,TN3270,T,CONN,LUNAME=jina_la_LU

Badala ya TN3270 weka jina la proc (kazi inayoendesha seva) yako. Chukua namba ya muunganisho, kisha V TCPIP,,DROP,CONN=namba. Mara nyingi mtumiaji alifunga kompyuta bila kutoka, na seva haijajua.

7. FORCE imeshindwa

Kusanya ushahidi kabla ya kuzima na kuwasha VTAM au CICS, la sivyo chanzo kinapotea. Hakikisha kwa D NET,TRACES,TYPE=VTAM kwamba treisi ya ndani inaendeshwa na chaguo za kawaida (STDOPTS), kisha:

DUMP COMM=(PRT0412 IMEKWAMA)
R nn,JOBNAME=(NET,CICSP1),SDATA=(CSA,LSQA,NUC,RGN,SQA,SUM,TRT),END

NET hapo ni jina la proc ya VTAM. Kwako inaweza kuwa VTAM.

8. Kuiwasha tena

IST105I ikishatoka: V NET,ACT,ID=PRT0412, na usubiri IST093I. Printa ikirudi kwenye sesheni papo hapo bila mtu kuigusa, tazama LOGAPPL (programu ambayo LU hujiunga nayo yenyewe) kwenye maelezo ya LU, na AUTOCONNECT na CREATESESS kwenye TYPETERM (maelezo ya aina ya terminali) ya CICS. CREATESESS(YES) ikiwa na foleni ya kuchapa iliyojaa, CICS itaivuta printa kila inapopata nafasi. Ile kazi iliyoigandisha mwanzo ikiwa bado imo kwenye foleni, itaigandisha tena. Iondoe au isimamishe kabla ya kuwasha LU.